Kiti cha Mgeni Kando ya Simu

Siku hizi kila mtu ana simu yake mfukoni, na anamwaga siri za nyumba yake kwenye foleni ya benki mpaka mimi niliye nyuma yake najua dawa anazomeza na mkwe anayemsumbua. Nikisikia hivyo nakasirika waziwazi. Niliwahi kumwambia kijana mmoja aende akaongelee nje, akaniangalia akasema, "Mathe, tulia." Sitatulia. Nililelewa mtaa wa Jericho, Nairobi, katika nyumba iliyokuwa na simu, na katika nyumba hiyo simu ya mtu haikusikilizwa na mwingine.

Simu ilikuja kwa sababu ya baba. Alikuwa fundi wa reli, na wakubwa wake walitaka aitwe haraka treni ikikwama. Alipofariki, simu ilibaki. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya kuzungusha kwa kidole, na ilikaa kwenye meza ndogo sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma. Mama aliitia kikufuli ili mtu asipige bila kuomba. Kupiga kulikuwa kwa shida kubwa tu, mgonjwa au msiba. Lakini kupokea kulikuwa kwa wote. Safu yetu karibu nzima ilikuwa imetoka magharibi, na kila familia ilikuwa imepeleka nambari yetu nyumbani, huko Bungoma na Webuye, ikaandikwa kwa makaa kwenye kuta za majiko ya bibi zetu.

Simu ikilia, mama anapokea, anauliza anayetafutwa ni nani, anamwambia mpigaji akate halafu apige tena baada ya muda kidogo. Mimi natumwa kuita. Anayeitwa anakuja mbio na kandambili, mwingine na unga wa ugali bado uko mkononi. Anakaa kwenye kochi, anangoja. Simu ikilia tena, mama anaongeza sauti ya redio, iliyokaa kando ya mlango wa jikoni, mpaka mwisho, anatukusanya sisi watoto, tunaingia jikoni na mlango unafungwa. Kurudi ni mpaka mtu aite, "Nimemaliza!" Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mama, na hakuna aliyeijadili. Waliopita nje wakisikia redio yetu inanguruma walijua kuna mtu kwenye simu, hawabishi hodi. Nimesimama katika jiko lile mara nyingi, nikisikiliza kipindi cha salamu, watu wa Voi wakiwasalimu watu wa Lodwar, huku jirani akilia upande wa pili wa mlango na mimi sijui analilia nini. Akitoka, mama anampa maji ya kunywa na kumuuliza habari za mvua kule nyumbani. Hamuulizi lingine.

Mtaani walimwita Mama Simu. Alifuma sweta za shule kwa mashine, hakuwa na cheo kanisani, hakuwa kiongozi wa chama cha akina mama. Alichokuwa nacho ni hicho tu, kwamba mtu anaweza kuongea nyumbani kwake na maneno yasitoke nje ya mlango. Alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia shamba. Aliwahi kuniambia, akifuma, kwamba baba yangu alituachia simu lakini hilo jina amelitafuta yeye mwenyewe.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, nikiwa nyumbani nasubiri matokeo, alikuja yule mwanamke wa chuo kikuu.

Alikuwa kijana, mwembamba, mwenye sauti ya upole na viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Alikuwa anatafuta shahada ya juu. Alisema anachunguza jinsi watu wanavyoishi na simu. Nani anapiga, nani anapigiwa, nani anaombwa ruhusa, na mtaa mzima ukitegemea chombo kimoja mambo yao yanabadilika vipi.

"Kwani simu inachunguzwa?" mama alimuuliza. "Si inalia, unashika, unaongea?"

"Hapo katikati, mama," alisema. "Kati ya kulia na kuongea. Hapo ndipo kazi yangu ilipo."

Mama alipenda jibu hilo. Mimi nilimpenda mtu mwenyewe. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamke anayelipwa kwa kuuliza maswali. Tulimwita Mwalimu. Alikuja karibu kila wiki, miezi ikapita, akala ugali wetu kwa mikono, akashika uzi mama akizungusha, akanifundisha namna ya kuuliza swali bila kumwekea mtu jibu mdomoni. Aliniambia, "Wewe utakuja chuo, na ukija nitakushika mkono." Nililala na maneno hayo. Nilimpa nafasi ya dada mkubwa, kwa sababu sikuwa naye.

Tulimuuliza mapema kwao ni wapi. Akacheka, akasema yeye ni mtoto wa mji, amezaliwa mjini, kazi ya baba yake ilikuwa ya kuhamahama, lugha zake ni Kiswahili na Kizungu basi. Mama alimhurumia. Alisema ni kama mtu kukosa shangazi.

Sasa, jirani yetu wa mlango wa pili. Huyu ndiye aliyekuwa mwenzake mama hasa, walikuja Nairobi wakiwa maharusi mwaka mmoja. Alikuwa mwanamke wa mzaha, mdomo wake haukuwa na breki. Mume wake alifanya kazi kiwanda kimoja huko Industrial Area, mtu mkimya, safi. Kila asubuhi alitoka na koti lake la kazi la buluu na kibati cha chakula chenye mfuniko wa kijani. Ukiona kile kibati kinapita dirishani, unajua umechelewa shule.

Siku ya kwanza jirani huyo kumkuta Mwalimu kwetu, aliamua kumpima. Alikaa, akatabasamu vizuri kabisa, akasema kwa Kibukusu chetu, "Huyu wenu amekauka hivi, hata akianguka hatatoa sauti. Mwongezeni chai kabla hajatufia hapa, tuseme nini kwa serikali?"

Mimi nilitaka kupasuka. Mama akamkanyaga mguu. Mwalimu akaangalia huku na huku na tabasamu lake, akauliza, "Mama anasema nini?"

"Nasema karibu sana," jirani akajibu.

"Asante sana, mama," akasema Mwalimu, akanywa chai. Haki ya nani tulicheka siku ile.

Simu ya jirani ilipolia wiki hiyo, mama alifungulia redio kama kawaida, akatutoa, halafu akasimama mlangoni na wasiwasi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba, kile cha mikono, kando kabisa ya meza ya simu. Ndicho mama alichompa siku ya kwanza, kwa heshima, kwa sababu ndicho kiti kizuri. Alikuwa na kikombe cha chai ya moto mkononi. Sasa utamwinua mgeni vipi? Kwetu mgeni haambiwi ondoka hapo. Mtu anaweza kumtoa mtoto wake kitandani ampishe mgeni, lakini kumwambia mgeni ainuke na chai yake aende asimame jikoni kwenye moshi, hilo mama asingeweza hata ungemshikia panga.

Jirani aliona wasiwasi wa mama, akapunga mkono. "Mwache," alisema kwa lugha yetu. "Huyo ni sawa na kabati."

Mama akafunga mlango wa jikoni. Tangu siku hiyo, Mwalimu akiwepo na simu ikilia, sisi tulitoka na yeye alibaki. Alikuwa akifungua gazeti na kusoma.

Miezi ile ndiyo viwanda vilikuwa vinapunguza watu. Kila wiki ulisikia wa safu fulani amerudishwa nyumbani. Jirani yetu alipigiwa sana na dada yake aliyekuwa Bungoma. Alikuwa akitoka kwenye simu macho mekundu, mama anampa maji, wanaongea habari za mvua. Kibati cha kijani kiliendelea kupita dirishani kila asubuhi. Sisi hatukujua kitu.

Mwalimu alipomaliza kazi yake alisema hataki kuwa kama watafiti wengine, wanaochukua maneno ya watu wakapotea nayo. Alitaka kuyarudisha. Aliomba ukumbi wa mtaa Jumapili mchana, akanunua soda na mikate, akaalika safu yetu nzima. Mama alivaa kitambaa chake cha kanisani. Aliwekwa mbele, kiti cha pembeni ya meza, maana bila yeye hakungekuwa na utafiti. Jirani na mume wake walikaa safu ya tatu. Mume alikuwa amekuja na koti la kazi, alisema kuna zamu ya Jumapili, akaweka kibati chake magotini.

Mwalimu aliongea vizuri, lazima niseme. Alieleza ile desturi ya redio mpaka watu wakapiga makofi na kumgeukia mama. Alisema mtaa wetu umeifundisha simu adabu. Mama aliinamisha kichwa kwa furaha. Nilimwona akipangusa jicho.

Halafu akasema simu pia inampa mtu mahali pa kuweka kile asichoweza kukiweka nyumbani kwake. Akatoa mfano. Hakutaja jina. Alisema kuna mama mmoja, mume wake anafanya kiwanda cha sabuni. Mume alipunguzwa kazi. Hakusema nyumbani. Kila asubuhi anavaa, anatoka, anashinda mahali, anarudi jioni. Mke aligundua sokoni kutoka kwa mke wa mwenzake mume kazini. Naye hakusema. Mume hajui kwamba mke anajua. Mtu pekee aliyeambiwa ni dada yake, kwa simu. Na hapa Mwalimu akashusha sauti, akasoma maneno yenyewe kwa Kiswahili kizuri:

"Namfungia chakula kwenye kibati, anarudi nacho kitupu. Sijui anakula wapi. Nikimuuliza ataanguka, na akianguka mimi siwezi kumwinua."

Alikuwa amebadilisha kiwanda, akadhani ametuficha. Kumbe kibati alikiacha vilevile.

Niliona vichwa vikigeuka mmoja mmoja, watu wazuri tu, hawakutaka kugeuka lakini shingo ziliwashinda, wote wakaangalia magoti ya yule mwanaume. Alikuwa ameshika ule mfuniko wa kijani kwa mikono miwili. Hakumwangalia mtu. Aliinuka polepole, akasema "Samahani, samahani" akipita mbele ya magoti ya watu, akatoka. Mke wake alibaki amekaa. Nilifikiri atamrukia Mwalimu. Hakumwangalia hata kidogo. Alimwangalia mama yangu.

Mama alikuwa bado na ile sura ya furaha, ilikuwa haijapata nafasi ya kuondoka usoni. Ndivyo jirani alivyomwona, na sidhani aliwahi kuisahau sura hiyo.

Jioni alikuja kwetu. Hakuketi.

"Mimi nilikuwa naongea na dada yangu," alisema. "Wewe nilikuwa naongea na wewe?"

"Nilikuwa jikoni," mama alisema. "Mwenzangu, Mungu anajua nilikuwa jikoni."

"Jikoni gani, na nyumba yenyewe vyumba viwili? Redio yako ilikuwa ya kutudanganya! Ulikuwa unasikiliza mlangoni, kisha unamtafsiria rafiki yako wa chuo akuletee soda."

"Mimi sijasikia neno lako hata moja tangu simu hii iingie humu."

"Nani mwingine basi? Kabati?"

Mama alilichukua kama swali la kweli. Ndilo lililonitia uchungu zaidi. Alisimama katikati ya sebule yake akitafuta jibu kwa uaminifu kabisa, akiangalia kuta, kana kwamba kweli kuna mtu mwingine alikuwemo humo.

Mume wa jirani alikwenda kijijini wiki hiyo, bila kuaga. Na watu wakaacha kuja kwetu. Hawakutukana, hawakununa. Waliandika tu nyumbani kwamba wasipigiwe tena kwa nambari hiyo, wakaanza kupiga foleni kwenye vibanda vya simu kule sokoni, mvua inyeshe isinyeshe. Simu ikilia na mimi nikienda kuita, naambiwa, "Mwambie sipo." Mtu anakuambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba hayupo! Mama aliendelea kufuma. Alipungua mpaka nguo zikamning'inia.

Nilikwenda chuo kikuu kumtafuta Mwalimu. Nilikuwa bado namwamini, lo, mimi nilikuwa mjinga wa kupigiwa mfano. Nilifikiri mtu fulani mtaani amempa habari zile, na akinitajia tu ni nani, mama atapona. Nilipanda ngazi za jengo lao, nikamkuta katika ofisi ndogo yenye meza mbili na simu ya kijivu. Alifurahi kuniona. Alinipa kiti.

Nilimweleza yote. Alishika kichwa. Alisema hakukusudia, alisema hakutaja jina, alirudia mara kadhaa kwamba hakutaja jina. Nilipomuuliza nani alimwambia, alianza kunieleza kwamba mtafiti hawezi kusema anakopata habari, kwamba hiyo ni ahadi anayoiweka kwa watu wake.

Hapo simu ya mezani ikalia. Alipokea kwa Kizungu. Kisha sura yake ikabadilika, ikalegea, ikawa ya mtoto.

"Mulembe, mayi," alisema.

Akaendelea. Alimuuliza mama yake kama mguu umepungua kuvimba, kama amekwenda hospitali, nani amempeleka, kwa nini hakula. Kibukusu kilichonyooka, cha mtu aliyekuzwa nacho, chenye zile methali ndogondogo na zile pumzi tunazovuta katikati ya maneno. Kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi nilikaa pale kwenye kiti cha mgeni kando ya simu, nikasikia kila neno. Na unajua nilifanya nini? Niliangalia huku na huku nikitafuta redio.

Alipoweka simu chini alinitazama, ndipo akakumbuka mimi ni nani.

Nilisema, "Hata siku ile ya chai?"

"Hata siku ile."

"Uliuliza anasema nini."

"Ungetaka nifanye nini?" Hakuwa na hasira, na hakulia. Aliongea kama anavyomweleza mwanafunzi. "Mngejua naelewa, mngeongea vile? Mngechagua maneno. Ningepata Kiswahili cha kupokelea wageni, basi. Nilitaka kujua watu wanaiambia simu nini wakidhani hakuna anayesikia. Hakuna njia nyingine ya kujua."

"Tulikupa kiti cha baba," nilisema. Ndilo neno pekee lililokuja.

Hapo macho yake yakajaa. Nilimwambia sitaki machozi, nataka aje Jericho. Asimame mlangoni kwa jirani, amsalimu kwa lugha yetu, maneno matatu tu, yule mama ajue sikio lilikuwa la nani. Alisema kama wakubwa wake wakijua alijificha hivyo, kazi yote inaweza kutupwa. Kisha akasema sawa. Atakuja Jumamosi. Alinishika mikono. "Mwambie mama nakuja."

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekaa tuli kwenye mashine. "Basi alikuwa mtoto wetu," alisema, "na hakusema." Kisha akaniambia nisimwambie mtu yeyote, mgeni aje ajisemee mwenyewe.

Sikuweza. Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani. Alinisikiliza akiwa ameegemea mlango, kisha akacheka, kicheko kibaya.

"Nilimtukana usoni, akashukuru," alisema. "Nani anaweza kuvumilia hivyo? Mtoto wangu, mama yako amekutuma."

"Anakuja Jumamosi. Utamsikia mwenyewe."

Alinitazama. Nadhani alitamani iwe kweli, maana alikuwa na upweke sana na mume amekwenda. "Sawa," akasema. "Akinisalimu kwa lugha yangu, mimi nitapiga magoti mbele ya mama yako hapa nje, mtaa wote uone."

Jumamosi mama alichinja kuku. Ndiyo, kwa mtu huyo huyo. Nilimpigia kelele, nikamwambia ampe maji ya chumvi. Alisema mtu anayekuja kusema kweli hapewi njaa. Alifuta kiti cha baba. Jirani naye alitoa kigoda, akaketi mlangoni kwake akichambua mchele, lakini macho yakiwa njiani. Mchele ule aliuchambua mpaka hakukuwa na jiwe la kutoa. Kila mwanamke mwembamba aliyekata kona, mimi mlangoni kwetu na yeye kwake tuliinuka kidogo.

Saa za chai zikapita. Kuku akapoa. Kisha simu ikalia.

Mama alipokea. "Haloo?" Akasikiliza. Akasema, "Ni mimi, mwanangu." Na mimi, kwa mazoea ya miaka yote ile, bila hata kufikiri, nikainuka nikaongeza sauti ya redio mpaka mwisho, nikaingia jikoni, nikafunga mlango. Nilisimama na yule kuku mezani nikasikiliza salamu za watu. Nilijichukia. Lakini sikufungua.

Redio iliposhushwa nilitoka. Mama alikuwa anarudisha kitambaa juu ya simu.

"Haji," alisema.

"Amesema nini? Mama, amesema nini?"

"Simu ya mtu ni ya mtu."

Nilimpigia kelele nyingine. Nilisema huyu mwanamke ametusikiliza sote mpaka kwenye mifupa, na wewe unamtunzia siri yake? Hadi leo sijui waliongea nini. Nilipochungulia nje, jirani alikuwa amesikia ile redio ikinguruma. Alikuwa ameinua kigoda chake na kufunga mlango.

Kazi ya Mwalimu ilipokelewa, niliambiwa baadaye, akaenda kusoma zaidi ng'ambo. Maneno ya jirani yetu yako mahali kwenye rafu, yamefungwa kwa jalada gumu. Sijawahi kwenda kuyatafuta. Nimesoma chuo, ndiyo, lakini si chuo kile, na hakuna aliyenishika mkono.

Mvua za masika zilipoanza, simu ikalia asubuhi. Alikuwa ni dada wa jirani, yule wa Bungoma. Mama akanituma. Jirani hakufungua mlango. "Mwambie nimehama," alisema kutoka ndani. Nilirudi nikasema hivyo. Mama akamwambia yule dada apige tena baadaye. Dada akapiga tena. Nikaenda tena. Hakufungua. Mara ya tatu yule dada alikuwa analia, alisema sarafu zinamwishia, alisema, "Basi wewe nisikilize. Tafadhali, nisikilize wewe."

Mama aliangalia redio. Aliangalia mlango wa jikoni. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu simu ile iingie nyumbani, akasikiliza simu ya mtu mwingine mpaka mwisho. Mama yao alikuwa amefariki alfajiri. Mazishi hayangengoja, kwa sababu ya barabara na mvua. Aje leo.

Mama alijifunga leso, akaenda mwenyewe. Nilimfuata nyuma. Alisimama kwenye matope mbele ya mlango uliofungwa, akabisha, akasema kwa sauti ya chini, mdomo umegusa mbao, majirani wasisikie. Alisema yote, taratibu, jinsi alivyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Ndani tulisikia kitu kikianguka, kama sufuria. Kisha sauti ya jirani ikaja karibu sana, upande wa pili wa mbao ile ile.

"Asante," alisema. "Sasa nenda ukawaambie wengine."

Mama alibaki pale na kiganja chake juu ya mlango. Mvua ilikuwa imeanza tena. Nilimshika mkono nikamrudisha nyumbani.